Mama Mkwe Alishika Chuma

Tangu nirudi mmekuwa mkipita kibarazani kwangu mmoja mmoja, mnajifanya mmeleta suruali ya kupunguza, kumbe mnataka kuutazama mguu wangu. Mwingine anauliza habari za pikipiki, mwingine habari za barabara, na Bakari hakuona hata haya, akauliza mbele ya wateja: "Eti ni kweli mama mkwe alikukumbatia?" Basi kaeni. Nitasimulia mara moja tu, kutoka hapa Kasulu mpaka ng'ambo ya Malagarasi na kurudi. Habari za vibali na za kuomba ruhusa naziruka, maana hizo kila mmoja wenu anazijua na sijaona mtu aliyewahi kuzifurahia.

Chanzo ni simu kutoka kambini. Mnajua wenyewe jinsi watu wa Burundi wanavyoingia mwaka huu. Kila anayefika anaulizwa na waliomtangulia ametoka mlima gani, maana kwao mlima ndio kijiji, na kwa njia hiyo ndugu wanapatana. Mtu mmoja alimpigia mke wangu, Godeliva, akamwambia kwamba mzee Salvatori amefika, kifua kimembana, hali si nzuri, na anachouliza ni kimoja tu: dada yake aliyevuka ziwa akiwa msichana yuko wapi. Dada huyo ndiye mama mzazi wa Godeliva. Hawakuwa wameonana tangu ujana wao, na kila mmoja aliwahi kuambiwa kwamba mwenzake amekufa.

Mama mkwe alikuwa akiishi mbele ya Sunuka, huko ambako wakati wa masika gari halifiki. Watu wa kule husafiri kwa boti mpaka Kigoma, na asubuhi ya pili wako Kasulu. Lakini yeye hapandi boti. Hajapanda tangu ule mtumbwi uliomleta.

"Kamlete mama," Godeliva akasema. "Lakini usimpakie kabla hujafunga bampa. Sitaki ajeruhiwe kama wewe."

Mwaka jana nilianguka pale Kidahwe, pikipiki ikanilalia ugoko wa kushoto. Kwa hiyo aliposema bampa nilijua anamaanisha nini: vile vyuma vya mbele vinavyokinga injini na miguu ya dereva. Nilijiona nimemwelewa kabisa.

KASULU HADI KIGOMA

Barabara yetu ikikauka ni vumbi, ikinyeshewa ni utelezi, hali ya katikati haina. Kabla ya Kidahwe tulisimamishwa pembeni, malori na pikipiki, kupisha mabasi yanayowapeleka wakimbizi kambini. Yalikuja moja nyuma ya jingine, polepole. Watu wamepakata magodoro yaliyokunjwa, masufuria yamefungwa kwa kamba, kuku mmoja ametoa kichwa dirishani kwa utulivu kuliko abiria wote. Mzee mmoja akanipungia mkono kana kwamba tunajuana. Nami nikampungia.

"Ndugu yako?" akaniuliza dereva wa lori aliyekuwa kando yangu.

Nikasema hapana. Lakini basi lilipopita nikawaza kwamba nimejibu haraka. Nimeoa katika ukoo ambao nusu yake siijui hata kwa sura, na mzee yule angeweza kuwa yeyote kati yao. Niliona uchungu kwamba sikumsalimia hata kwa neno.

Kigoma nilifika na njaa. Nikala ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga kwa mawese karibu na stesheni, halafu nikaenda kwenye duka la vipuri. Na pale, ndugu zangu, nilipendezwa na chuma. Bampa ya mbele, nyeusi, inang'aa, imepinda vizuri kila upande kama pembe za ng'ombe wa kienyeji. Muuzaji akanieleza kwamba ukianguka na hiyo, injini haigusi ardhi na ugoko unabaki wako. Nikaupapasa ugoko wangu. Kasoro ilikuwa moja, vishikizo vyake havikulingana na fremu ya pikipiki yangu. Akanishauri niende Ujiji kwa Fundi Kassimu, mchomeleaji, achonge vishikizo, kisha nirudi kuichukua. Nikamwomba aniwekee pembeni.

UJIJI

Gereji ya Fundi Kassimu iko uchochoroni, karibu na msikiti. Fundi mwenyewe ni mtu wa maneno machache, lakini bodaboda wanaosubiri kuchomelewa wanamsaidia kuongea. Nilipoeleza ninachotaka, akainama akaitazama fremu, akauliza bila kuinuka, "Unakwenda wapi na mvua hizi?"

"Ng'ambo ya Ilagala. Namfuata mama mkwe."

 Kisha kijana mmoja wa boda, Shomari, akaacha kutafuna muwa. "Oya, kaka. Mkwe? Sasa atakushika wapi?"

Wakacheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Kasulu na mpango kamili, nimekwisha kuona na bampa ya kukinga ugoko wangu, na swali hilo halikuwa limenijia hata mara moja.

Kwa ajili ya Bakari, ambaye ni mtu wa pwani, nieleze. Kwetu mama mkwe hagusiki. Tangu nimwoe Godeliva, mama yake hunisalimia kutoka mlangoni akiwa amegeuza uso upande, kitenge kimefunika mdomo. Mkono hatupeani. Sijawahi kula mbele yake wala yeye mbele yangu, na jina lake silitamki. Si chuki, ni heshima, tena yeye ni mtu mwema sana kwangu, kila mavuno hunitumia unga. Lakini abiria wa pikipiki kwenye utelezi hushika kiuno cha dereva, hana namna nyingine.

"Mkodishie boda wa peke yake," mmoja akasema.

"Ashike kiuno cha mtu nisiyemjua? Hapo ndipo pana heshima?"

"Na boda gani atakwenda huko sasa hivi?" Shomari akasema. "Mimi hata uniite shemeji, siendi."

Wakabishana. Mmoja alisema gunia liwekwe katikati, mwingine akasema gunia halishikiki mtu akirushwa. Fundi Kassimu akawaacha wamalize, kisha akasema kama nataka, anaweza kunitengenezea bampa ya nyuma. Bomba la chuma litoke ubavuni mwa kiti, juu liwe mshikio, chini lishuke lipinde nje, liwe na bati la kukanyagia. Abiria akae upande, ashike chuma, miguu ikae juu ya chuma. Na pikipiki ikilala, italala juu ya chuma, si juu ya mguu wa mama.

"Na ile ya mbele?"

"Ya mbele inakukinga wewe," akasema.

Uwezo wangu ulikuwa wa kitu kimoja. Sitawadanganya kwamba niliamua haraka. Niliifikiria ile nyeusi inayong'aa, nikaufikiria ugoko, nikamfikiria mama mkwe akining'inia nyuma yangu bila pa kushika. Nikasema achomelee ya nyuma.

Akaniuliza upande, tukaafikiana kushoto, kwa sababu ekzosi iko kulia. Kisha akachukua kipimo. "Kutoka goti hadi kisigino ana urefu gani?"

Hapo ndipo aibu iliponikamata. Mnanijua. Mimi mtu akivuka barabara nimeshajua suruali yake itakula kitambaa kiasi gani. Bakari simpimi tena, namwangalia tu nikajua mwezi huu kanenepa. Lakini miguu ya mama mkwe sijawahi kuitazama. Nikitazama chini naona pindo la kitenge, nikitazama juu naona kitenge kingine.

"Ni mrefu?" fundi akauliza.

"Sijui."

"Mfupi?"

"Sijui, fundi. Nikifika huwa amekaa."

"Huyu ni fundi cherehani kweli?" Shomari akauliza wenzake.

Mwishowe nikampa kipimo cha Godeliva, nikiamini kwamba mtoto hufuata mamaye. Jioni chuma kilikuwa tayari, hakijapakwa rangi, kizito, kibaya cha sura. Usiku nililala kwa fundi, kwa sababu hakutaka kusikia habari ya gesti.

UJIJI HADI KIVUKONI

Njia ya Ilagala ilikuwa imelowa lakini inapitika, michikichi huku na huku, wanawake wamebeba mikungu ya ngazi, matunda ya michikichi hiyo, kichwani wakinipisha kwa huruma. Daraja moja dogo lilikuwa limezamishwa na maji. Magari ya abiria yalisimama upande wa huku yote, madereva wamelala chini ya magari yao. Pikipiki niliivusha kwa kuisukuma, maji magotini.

Kivukoni nilisubiri sana. Pantoni ilikuwa ng'ambo na mwendeshaji wake, niliambiwa, amekwenda kula. Nami nikanunua dagaa wakavu wa kukaanga, nikala nimekaa juu ya jiwe. Bibi mmoja mwenye mzigo wa mihogo akaja akaizunguka pikipiki yangu, akakigonga kile chuma kwa kidole.

"Hiki ni cha kubebea maiti?" akauliza.

"Hapana, bibi. Ni cha mama mkwe."

"Amekufa?"

"Yu mzima. Ni cha kumpakia, ashike, asinishike mimi."

Akafikiri. Kisha akaita wenzake, akawaeleza kwa Kiha, wote wakaja wakakigonga kwa zamu. Mmoja akaniombea Mungu anipe wakwe wengine, nikamshukuru, ingawa mmoja ananitosha.

NG'AMBO YA MALAGARASI

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni tayari amefunga mizigo, na kwa jinsi majivu ya jiko yalivyokuwa baridi nadhani alikuwa ameketi hapo tangu Godeliva alipopiga simu. Nikasimama mbali, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Neema. Ni amahoro?" akauliza kwa Kirundi chake, yaani kama ni amani.

"Ni amahoro, Mama."

"Yu hai bado?"

"Jana jioni alikuwa hai."

 Jirani yake, mama mmoja mnene mcheshi, akanipeleka chumba cha pili kula maharage, na mama mkwe akala huko nje. Asubuhi alitoa zawadi za kaka yake, unga wa muhogo na dagaa, amevifunga pamoja katika gunia moja. Gunia likawekwa katikati ya kiti, ukuta wa heshima. Kisha akasimama kando ya pikipiki, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikamwona mkwe wangu amesimama.

Ni mfupi. Ananifikia hapa, kifuani. Godeliva urefu ule kautoa kwa baba yake. Jirani akampandisha, mkwe wangu akashika chuma kwa mikono miwili kama nilivyomwelekeza, na miguu yake ikaning'inia juu ya bati, haijaligusa. Nikatazama pembeni, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Mkwe," jirani akasema, "hukumpima?"

"Ningempimaje?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaleta kipande cha gogo la mchikichi, tukakifunga juu ya bati kwa mpira, miguu ikapata pa kukaa. Mama mkwe mwenyewe hakucheka. Alikuwa akitazama mbele yake, na mbele yake, kwa vile amekaa upande wa kushoto na tunaelekea kaskazini, palikuwa na ziwa. Ningeuweka uso wake kulia angetazama milima njia nzima. Hilo nalo hakuna aliyeniuliza gereji, na mimi sikulifikiri.

"Mama, tukihamishe?" nikauliza, ingawa sikujua kitahamishwaje.

"Hapana," akasema. "Twende."

SUNUKA HADI KIVUKONI

Mwanzoni alijifunika kitenge kichwa kizima. Wavuvi walikuwa wanaanika dagaa, wanatuangalia, pikipiki imebeba fundi cherehani, gunia na mtu asiye na uso. Tulikwenda hivyo mpaka njia ilipopanda juu ya ziwa, na hapo nikasikia sauti yake nyuma ya gunia. Sikugeuka. Nadhani aliweza kusema kwa sababu sikuweza kumwona.

Alisema waliposhuka ziwani walikuwa wengi kuliko mtumbwi. Salvatori, kijana wakati ule, ndiye aliyeusukuma kutoka mchangani, akaingia nao majini hadi kifuani. Alimwekea dada yake mikono juu ya ubao wa mtumbwi akamwambia, shika, usiachie. Kisha akarudi kumfuata baba yao. Ziwa lilichafuka. Mama yao alikuwa amekaa nyuma yake, na kulipokucha hakuwapo.

"Mimi nilishika tu," akasema. "Sikumshika mama. Niliambiwa nishike ubao."

 Nilimwonea huruma, lakini mtu huwezi kulia huku unaendesha pikipiki kwenye utelezi. Nikasema, "Pole, Mama," neno dogo kuliko yote, akaitika.

Tulianguka kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Gurudumu la nyuma liliteleza kulia, pikipiki ikalala kushoto, yaani upande wake. Nilisikia chuma kikigonga jiwe na kitu kikikatika. Kilichofuata nilikuwa chini, ugoko wangu ule ule chini ya injini ya moto, mahali hasa ambapo ile bampa nyeusi ya Kigoma ingekaa.

"Mama," nikaita.

"Nipo."

Alikuwa ameketi matopeni, ameshika chuma kwa mikono miwili. Chuma chenyewe kilikuwa kimeachana na pikipiki pale kilipochomelewa, lakini kabla ya kukatika kilikuwa kimeinyanyua kiasi cha miguu yake kutoka. Gogo la mchikichi lilikuwa limepasuka. Miguu yake ilikuwa mizima, midogo, imejaa matope, nami niliitazama yote miwili bila haya, nikamshukuru Mungu.

Akainuka, akaweka chuma chini, akaja kunisaidia kuinyanyua pikipiki. Akauona ugoko wangu ulivyochunika na kuungua. Alifungua kitenge chake cha juu, akachana pindo, akanipa. Hakunifunga yeye. Alinipa, akageuka upande mwingine mpaka nikamaliza kufunga.

Ikabaki kazi ya kupanda tena. Gunia lile bila chuma halikai nyuma, kwa hiyo nililiweka mbele yangu juu ya tangi. Nikamwambia chuma tukiache, nitachomelewa kingine.

"Chuma kimeniokoa, nikitupe?" akasema. Akapanda, akakilaza mapajani, akakishika kwa mkono wa kushoto. Pikipiki ikaanza kushuka, ikayumba kidogo. Nikahisi ngumi ikikamata koti langu ubavuni. Ilikamata kitambaa tu, haikugusa mwili. Lakini ilikamata kweli kweli.

Tukafika kivukoni. Juu ya pantoni alisimama katikati, amefumba macho, chuma mkononi, na yule bibi wa mihogo, ambaye alikuwa anarudi kwao, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile chuma kimeharibika.

UJIJI TENA

Magari yalikuwa bado yamekwama pale darajani, kwa hiyo tuliendelea kwa pikipiki. Tulifika kwa Fundi Kassimu jioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mchomeleaji bila umeme ni mtu wa kawaida tu. Shomari alikuwepo. Aliuona mguu wangu, akaona chuma kimepakatwa, akaona ngumi ya mama mkwe inavyoachia koti. Nikamkazia macho, naye, mtoto wa watu, akapokea gunia na kusema tu, "Karibu, Mama. Pole na safari."

Mke wa fundi alitupokea kwa ukarimu wa Ujiji. Alidhani ni mama yangu mzazi, na kosa ni langu, sikumwambia mapema. Akatuandalia sinia moja kubwa, wali, migebuka miwili, pilipili pembeni, akatuwekea maji ya kunawa, akasema, "Haya, kula na mwanao."

Mama mkwe akalitazama sinia. Mimi nikalitazama sinia. Kula naye chombo kimoja ni zaidi ya kushika koti, kwa sababu koti lina sababu yake. Na kukataa chakula cha watu waliotupokea ni utovu wa adabu.

"Mimi tumbo limenivuruga," nikasema. "Mama ale."

"Tumbo gani, na mchana kutwa hujala?" mwenyeji akashangaa. Akaniletea maji ya ndimu. Nikakaa barazani nayanywa maji ya ndimu, huku harufu ya mgebuka inanifuata, nikasikia mama mkwe ndani akimsifu mwenyeji kwa mapishi. Asubuhi nilikuta mfukoni mwa koti langu kipande kikubwa cha samaki kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Sikuuliza.

Umeme haukurudi. Kambini walipiga simu kwamba mzee ameacha kula. Nikamwambia mama mkwe kwamba kuna mabasi ya Kasulu, atakaa vizuri, mimi nitafuata nyuma.

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Na kambini linafika?"

"Linaishia stendi."

Akaenda kusimama kando ya pikipiki. Fundi Kassimu alisema tungesubiri, pengine mchana umeme utarudi, chuma kichomelewe. Mama mkwe akamjibu kwa upole kwamba kaka yake hasubiri umeme. Akapanda, akapakata chuma, akashika koti kabla sijawasha.

KAMBINI

Hatukupita nyumbani. Godeliva alitukuta njiani, tukaongozana mpaka kwenye hema la mzee Salvatori, na watu wa mlima wao walikuwa wamekaa nje wamenyamaza. Nilipowaona hivyo nilidhani tumechelewa.  Kumbe walikuwa wamenyamaza ili alale.

Alikuwa amelala juu ya mkeka, mwembamba, macho yamefungwa. Mama mkwe akachuchumaa karibu naye, bado ana matope ya Sunuka kwenye pindo. Hakulia. Alisema kwa Kirundi, "Musaza wanje," yaani kaka yangu.

Mzee akafumbua macho, akamtaja jina. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia likitamkwa na mtu wa kwao, na kwa kuwa mimi siruhusiwi kulitamka, hata ninyi siwaambii. Alilitaja mara nyingi, kama anayejaribu kuona kama bado linafanya kazi. Sote tulilia isipokuwa wao wawili.

Baada ya muda akamwuliza, "Umekuja na boti?"

"Nimekuja na pikipiki. Ya mkwe wangu huyu."

Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye. Hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, lakini akauliza swali lile lile la Shomari. "Na mkwe, ulimshika wapi?"

Mama mkwe akakiinua kile chuma. Alikuwa ameingia nacho, hata sijui kwa nini hakukiacha nje. "Nilishika chuma," akasema. "Uliniambia nishike, nisiachie."

Mzee alicheka mpaka wakamkalisha kwa sababu ya kikohozi, na akiwa anakohoa akaendelea kucheka, na dada yake, mdomo umefunikwa na kitenge, mabega yanatikisika. Kisha mzee akanigeukia mimi. "Ni kweli, mkwe?"

"Ni kweli, Mzee," nikasema. "Alishika chuma."

Jioni ile alikula uji wa unga wa Sunuka. Aliishi mpaka mahindi yakaanza kubeba, dada yake akiwa kando ya mkeka siku zote, na wengi wenu mlikuja tulipomzika.

Sasa mama mkwe anakaa kwetu. Bado ananisalimia akiwa mlangoni, bado ananigeuzia uso, na chuma chake kiko chini ya kitanda chake, hataki kichomelewe tena. Na lile koti langu mnaloliona limetundikwa nyuma ya cherehani, mshono wa ubavu wa kushoto umefumuka na kitambaa kimevutika umbo la ngumi, msiniulize tena fundi gani anavaa koti lililochanika. Sitalishona. Na wewe Bakari, siku ukimkuta hapa kibarazani akakwambia kwamba njia nzima alishika chuma, mwitikie, "Ndiyo, Mama."